Siku Gundi Aliposahau Kugonga Bahasha

Mdogo wangu, yule tunayemwita Gundi, hajui kukaa. Tangu utotoni hajui. Mama alikuwa akimketisha mkekani, akigeuka kuchukua kikombe, mkeka uko peke yake. Mungu naye ana utani wake, maana mtu wa namna hiyo ndiye aliyempa kazi ya kukaa kitini miaka thelathini na moja, nje ya posta, nyuma ya meza ya mbao yenye mguu mmoja mfupi, akiuza bahasha na karatasi na kuwaandikia watu anwani.

Jina alilipata kwa ulimi. Zamani bahasha zote zilikuwa za kulamba, na wateja wengi walikuwa hawaitaki ile ladha, wakamwachia yeye. Alilamba asubuhi mpaka jioni, mwaka baada ya mwaka, ikafika mahali akipiga chafya tu barua tatu zinajifunga zenyewe. Kuna siku aligombana na wifi yangu, mkewe, akafunga mdomo kwa hasira, na mdomo ukagoma kufunguka kuanzia Jumatano hadi Jumapili. Wifi anasema zile ndizo siku tamu kuliko zote za ndoa yake. Msiniulize mimi, muulizeni mwenyewe.

Mimi na herufi hatujawahi kusalimiana. Lakini nimekaa kando ya meza ile miaka mingi nikimpangia bidhaa, na bahasha nazijua kwa vidole kama ninavyoijua nyanya iliyoiva. Ile nyembamba inayolia kama jani kavu, yenye michirizi myekundu na ya buluu pembeni, ni ya kwenda ng'ambo. Imefanywa nyepesi ili ndege isinung'unike. Ndefu nyeupe ni ya ofisini, karatasi inakunjwa mara mbili inatoka vipande vitatu. Kubwa ya kaki ni ya vyeti, kwa sababu cheti hakikunjwi, kinalazwa na kadibodi nyuma kisije kikavunjika mgongo. Kuna yenye viputo ndani, ya vitu vya kuvunjika, na hiyo usimpe mtu mwenye mawazo, ataviminya viputo vyote kabla hajaifunga.

Halafu kuna ya dirisha.

Hiyo haiandikwi kitu juu. Ina kidirisha cha plastiki kushoto, chini kidogo, na anwani iliyoko kwenye barua yenyewe ndiyo inayochungulia nje. Watu wa benki wanaipenda, inawaokoa kuandika mara mbili. Gundi hakuwahi kumuuzia mtu bahasha ya dirisha bila kumfundisha kugonga. Unaishika hivi, unaigonga mezani upande wa chini, kushoto, kulia, juu. Kama anwani bado inaonekana yote, iache iende. Kama imejificha, au imechungulia mistari mingine, fungua ukunje upya.

"Ya nini yote hayo?" wateja walikuwa wakilalamika.

"Wewe gonga hapa mezani," anawaambia. "Ukikataa, gari la posta litakugongea huko njiani, na huko hutakuwepo kuangalia."

Basi na yajayo yasikieni vizuri, maana mtu huyuhuyu ndiye aliyesahau.

Alikuwa na binti, kitinda mimba, mrefu, mpole, mwenye mikono mikavu isiyotetemeka. Alitaka uuguzi tangu siku alipomfunga kuku wetu mguu uliovunjika, na yule kuku akaishi miaka kumi na tatu, akazika majogoo wanne. Alikuwa ameshaomba chuo mara mbili, mara mbili nafasi zikajaa. Mwaka ule ulikuwa wa mwisho. Chuo hakikuwa kikichukua mtu aliyetimiza miaka ishirini na mitano, na yeye alikuwa anaitimiza mwezi wa pili. Masharti yalikuwa mafupi: fomu iwe imepigwa muhuri wa posta kabla ya Jumatano kwisha, kamati itakaa Alhamisi ya wiki inayofuata, ndani ya maombi uweke bahasha nyingine yenye stempu na anwani yako mwenyewe, ya kukujibu. Asiyefuata, asihangaike.

Jumatatu ile karatasi zote zilikuwa juu ya meza ya nyumbani: fomu, nakala za vyeti, na barua ya maombi aliyoichapisha kwa mpiga chapa wa mtaa wa pili. Gundi alikuwa anazunguka meza kama nzi aliyeona sukari.

"Baba, tuweke kwenye kaki," binti akasema.

"Kaki ni ya wazee wanaodai mafao. Wewe unaenda chuo."

Akafungua kabati, akaingiza mkono chini ya suti yake ya harusi, akatoa pakiti. Jamani. Zilikuwa bahasha za dirisha, nyeupe, nzito, laini kama shavu la mtoto, na ndani zimechapwa maua madogo ya buluu ili mtu asisome barua kwa kuiinua kwenye mwanga. Alizipata ofisi fulani ilipofungwa, akazificha miaka sita. Zilikuwa pana kuliko za kawaida kwa kama upana wa kidole.

Wifi akasimama na kisu cha vitunguu mkononi. "Si wewe unayewaambia watu kwamba vyeti havikunjwi?"

"Hizi ni nakala, mke wangu. Nakala haina mgongo."

"Na barua ya mtoto kupita dirishani, ndiyo heshima gani?"

"Mkuu wa chuo ataishika hii bahasha, atasema, huyu katoka nyumba ya watu."

"Atasema katoka benki," nikamwambia.

Binti akacheka, lakini macho yake hayakucheka. Baba yake hakusikia lolote. Alikunja karatasi moja moja, akaingiza ile bahasha ya kujibiwa aliyoiandika anwani yetu kwa mkono wake, mbele ya vyote akaiweka barua ya maombi. Mpiga chapa alikuwa ameziweka anwani zote mbili upande wa kushoto, yetu juu, ya chuo chini yake. Katika dirisha ikachungulia ya chuo, safi kabisa. Bahasha zile zilikuwa na utepe wa kubandua, hazihitaji mate. Gundi akabandua utepe, na akalamba vilevile.

Akakimbia. Posta ilikuwa inakaribia kufunga. Nilimfuata nikimwita apunguze, yeye alikuwa amepinda kona nikiwa bado natafuta ndala ya pili. Kaunta alikuwepo Miwani, karani ambaye amevaa miwani ileile tangu ajira, mpaka pua imeota vishimo viwili. Miwani akaipima bahasha, akabandika kibandiko cha rejista chenye namba, akapiga muhuri wa duara wenye tarehe, pu! Akaandika stakabadhi: namba, tarehe, na barua inakoenda, Mkuu wa Chuo.

Gundi akaikunja stakabadhi, akaitia mfuko wa shati, akaufunga kifungo. Akapumua.

Hakugonga. Hata mara moja. Na mimi niliyesimama pale na macho yangu mawili sikukumbuka, wala Miwani hakukumbuka na macho yake manne.

Jumanne hakukaa kitini hata kidogo. Jumatano alimuuzia mtu bahasha kumi, akazifunga zote tupu, mwenyewe akaja kuzirudisha anauliza barua zake aziingizie wapi. Alhamisi alikuwa akifungua sanduku letu la barua kila nusu saa, mpaka kufuli likachoka likawa linafunguka likimwona anakuja.

Ijumaa akakuta kikaratasi sandukuni: una barua ya rejista, njoo kaunta. Asubuhi ile zamu ilikuwa ya karani mgeni. Gundi akatia saini bila kuangalia, akaona jina lake katika dirisha la bahasha nyeupe, akaja nyumbani mbio anapiga kelele kuanzia dukani.

"Wamejibu! Siku nne tu! Nilisema mimi, heshima ya bahasha!"

Wifi akaacha sufuria motoni. Binti akaipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

"Baba."

"Soma!"

"Baba, hii ni ile yetu."

Sufuria ndiyo iliyosema, wali ulianza kuungua.

Ilikuwa ileile. Kibandiko kilekile cha rejista, muhuri wa Jumatatu, na dirishani, badala ya Mkuu wa Chuo, anwani yetu sisi. Bahasha pana, karatasi nyembamba, barabara mbovu. Ile barua ya mbele ilishuka kidogo kidogo ndani, ya chuo ikazama, yetu ikachungulia. Watu wa posta wa huko mbele wakaona jina la Gundi, wakamrudishia Gundi mzigo wake kwa uaminifu wote. Na Jumatano, siku ya mwisho ya muhuri, ilikuwa imepita juzi yake.

"Sikugonga," Gundi akasema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Dada, mimi sikugonga."

Wifi ni mtu wa maneno, lakini siku ile alimtazama mumewe, akaenda kuepua wali. Hilo lilimuuma Gundi kuliko kama angemtukana.

Akakamata kisu. "Nipeni. Naifungua, nakunja upya, naituma leoleo."

"Leo ni Ijumaa, Baba. Muhuri utakuwa wa Ijumaa."

"Nitaongea nao! Nitapanda basi niende mwenyewe!"

"Hawapokei kwa mkono. Wanaangalia muhuri tu. Imeandikwa."

"Nipe, nimesema!"

Mimi namjua ndugu yangu. Mikono yake ikiwa na hasira haifungui kitu, inakirarua. Aliwahi kufungua redio iliyokwama, tukaokota vipande hadi kwenye mtaro. Nikaichukua ile bahasha mkononi mwa binti, nikaiweka kwenye kiti, nikaikalia.

"Dada, inuka."

"Siinuki."

"Dada, nakuheshimu, lakini inuka."

"Niheshimu hukohuko uliko. Mimi nimekaa."

Na nikikaa mimi, mjue nimekaa. Kuna mwaka nilikaa juu ya gunia la mahindi, watu wakakuta unga.

Gundi akaanza kuzunguka. Meza, mlango, dirisha, meza. Anajipiga paji la uso, anahesabu vidole. Anamwambia bintiye "nisamehe", hajajibiwa ameshafika mlangoni. Binti alikuwa amesimama palepale ameegemea ukuta, halii, anakwangua rangi ya ukuta kwa ukucha. Niliuona ule ukucha nikajua kwamba alikuwa anajifunza kuacha kitu alichokitaka tangu utoto, na anajifunza kimyakimya ili baba yake asisikie. Nikatamani angelia.

Raundi ya ishirini au ya arobaini, sikuwa nahesabu, Gundi akasimama. Mguu mmoja juu, kama kuku.

"Dada. Muhuri wake unasomeka?"

"Nitajuaje, nimeukalia."

"Muhuri wa Jumatatu. Uko juu ya bahasha, haujaharibika?"

"Ni duara nzuri, imekaa kama kisahani," binti akasema polepole. Akaacha ukuta. "Baba, unasemaje?"

"Wao wanataka muhuri wa kabla ya Jumatano kwisha. Muhuri upo! Tukiifungua hii, inakuwa karatasi tu. Tusipoifungua, ni barua iliyotumwa Jumatatu ikapotea njia. Dada, inuka, sifungui."

"Apa."

"Naapa kwa ulimi wangu."

Nikainuka. Ilikuwa na joto na imenyooka kuliko pasi ingeinyoosha.

Akatoa kwenye rafu bahasha kubwa ya kaki, ile ya wazee wa mafao, na wifi, bila kuambiwa, akakata kadibodi ya boksi la sabuni kwa kisu chake cha vitunguu. Wakailaza ile nyeupe ndani ilivyo, imefungwa, muhuri juu. Pembeni wakaweka nakala ya stakabadhi, ile yenye namba sawa na ya kibandiko na jina la Mkuu wa Chuo. Ikabaki barua ya maelezo. Gundi akachukua karatasi za mistari, akaanza kuandika. Alijaza ukurasa, akaomba wa pili. Alianza na historia ya posta.

Binti akamnyang'anya kalamu taratibu. "Baba, wana bahasha mia nne za kusoma." Akaandika mistari minne, akatusomea: Barua iliyomo humu ilitumwa Jumatatu kama muhuri unavyoonyesha. Karatasi iliteleza ndani, anwani yetu ikaonekana dirishani, ikarudishwa kwetu Ijumaa. Hatujaifungua. Tunaomba muifungue ninyi.

"Hujaniandika mimi kwamba ndiye niliyekosea," Gundi akasema.

"Hawakuuliza."

Posta tulifika wote wanne. Miwani alikuwa ameingia zamu ya mchana. Akasikiliza, akaondoa miwani, jambo ambalo sikuwahi kuliona, na macho yake yalikuwa madogo kama kunde.

"Wataikubali?" wifi akamwuliza.

"Mama, masharti yao yanataka muhuri. Hayakukataza barua kutembea. Lakini kamati ni watu, na watu siwezi kuwapigia muhuri." Akatazama saa. "Hii iende kwa barua za haraka. Gari linaondoka sasa hivi. Ikifika Jumatano, mna bahati."

Gundi akaikamata ile kaki, akaigonga kwenye kaunta, chini, kushoto, kulia, juu.

"Hiyo haina dirisha, Mzee Gundi," Miwani akamwambia.

"Najua," akajibu, akagonga tena.

Siku zilizofuata sizitaki hata kwa zawadi. Mnaojua mtu asiyekaa mnadhani mnajua. Sisi tuliishi naye. Alimaliza soli za viatu mpaka akawa anatembea kwa kamba tu. Aliuchorea mtaa wetu njia mpya, mpaka wageni wakawa wanaifuata wakidhani inakwenda mahali. Alhamisi ya kamati alisimama nje ya posta kutwa nzima akitazama upande wa chuo, kana kwamba angewaona wakipokezana makaratasi. Mezani kwake mimi ndiye niliyeuza. Mtu akitaka kaki nampa kaki. Mtu akitaka ya dirisha namwambia zimekwisha.

Binti kila jioni alinawa mikono, akakata kucha, akaziangalia. Nilimsikia siku moja akimwambia mama yake, "Nikikosa, nitajifunza kuandika anwani." Wifi akatoka nje akaenda kumfukuza kuku ambaye hakuwa amefanya kosa.

Ijumaa ya wiki ya tatu Gundi akafungua sanduku na kukuta bahasha moja ndefu nyeupe, ya kawaida. Anwani ilikuwa yetu. Na mwandiko ulikuwa wake yeye mwenyewe, na mkia wa ile g yake unaojikunja kama mkia wa nguruwe. Ile ya kujibiwa. Walikuwa wameifungua ile ya dirisha, basi. Hicho tu ndicho alichojua. Ndani ilikuwa nyembamba.

Alikuja nayo nyumbani akitembea. Taratibu, kama mtu amebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni. Akaingia, akampa bintiye, akavuta kiti. Akakaa.

Hapo ndipo tulipoogopa. Wifi akamshika bega kuona kama anapumua.

Binti akaifungua kwa pembeni, akatoa karatasi moja, akasoma. Midomo ilikwenda, sauti haikutoka. Akarudi juu, akasoma tena.

"Sema, mwanangu," wifi akasema. "Sema hata kama ni baya."

"Nimepata."

"Umepata nini?"

"Nafasi, Mama. Shangazi, nimepata nafasi!"

Na ndipo akalia, mtoto yule, yote aliyoyaweka wiki tatu, akiwa ameikumbatia ile karatasi na mama yake kwa pamoja. Mimi macho yangu yaliingiwa na moshi, ingawa jiko lilikuwa limezimwa.

Gundi alikuwa bado kitini. Akanyoosha mkono. Tukadhani anataka barua, kumbe anataka bahasha. Akachungulia ndani.

"Wameikunja vipi?"

"Baba!"

"Nauliza tu. Mara mbili?"

"Mara mbili," binti akasema akijifuta uso. "Vipande vitatu, sawasawa."

Gundi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha, kwa mazoea, akaigonga bahasha ile tupu mezani, chini, kushoto, kulia, juu. Alipoigeuza juu chini, kikaratasi kidogo kikadondoka. Hakuna aliyekuwa amekiona. Kilikuwa kimejibana kwenye kona.

Binti akakiokota. "Wamesema, 'Asante kwa kutoifungua. Ripoti Jumatatu, saa mbili asubuhi.'" Akakisoma tena. "Jumatatu ipi?"

"Tarehe?" wifi akauliza.

Akakigeuza, akaitaja tarehe iliyoandikwa nyuma. Tukatazamana. Ilikuwa Jumatatu ijayo, na leo ni Ijumaa, na basi la huko linatembea siku mbili.

Kiti kikaanguka. Kuangalia, Gundi hayupo, nje tulisikia tu kamba za viatu vyake zikipiga barabarani, anaelekea stendi, na wifi mlangoni anamwita, "Wewe! Kata tiketi ya basi la asubuhi, na usiketi wewe, mketishe mtoto!"